Misimbo mipya, mashine mpya, faili lile lile

Barua za wasomaji zinajibiwa na Mama Mafaili

Tangu toleo lililopita, barua nyingi nilizoletewa zinahusu misimbo ya magonjwa. Kwa asiyeifahamu, ni zile herufi na namba zinazoandikwa kwenye fomu ya bima na kwenye ripoti ya hospitali kusimama mahali pa jina la ugonjwa, kama I10 kwa shinikizo la juu la damu. Orodha yenyewe hutolewa na Shirika la Afya Duniani na huitwa ICD. Wodini tumezoea kusema "kodi", lakini humu nitaandika msimbo ili lisichanganywe na kodi ya mapato. Nimefanya kazi ya kumbukumbu za afya miaka 31, nikaanzia dirisha la kadi nikaishia ofisi ya madai ya bima, na jambo hili naliwaza hata sasa nikiwa nimestaafu. Nimechagua barua nne.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni afisa kumbukumbu kwenye hospitali ya misheni. Uongozi umetangaza kwamba kuanzia Januari tunaacha ICD-10 na kuingia ICD-11, na siku hiyo hiyo tunafungiwa programu inayosoma maelezo ya daktari na kuweka msimbo yenyewe. Tuko wanne ofisini. Mganga mfawidhi amesema mashine itafanya kazi ya watu watatu. Mfuko wa bima tunaoudai bado unapokea ICD-10. Tuanzie wapi, na je, kazi yetu inaisha? — Afisa kumbukumbu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Nianze na hayo maneno "siku hiyo hiyo", maana ndiyo yaliyoninyima usingizi niliposoma barua yako. Kubadilisha orodha ya misimbo ni kazi moja. Kuleta mashine ya kuweka misimbo ni kazi nyingine. Mkizifanya zote tarehe 1 Januari, halafu Machi wagonjwa wa kiharusi wakaonekana wachache kuliko kawaida, hamtajua kama wamepungua kweli, au orodha mpya imewahamisha, au mashine imewasoma vibaya. Nenda na hoja hiyo kwa mganga mfawidhi. Mfano wa kiharusi una sababu yake. Kwenye ICD-10 kiharusi kimo katika sura ya moyo na mishipa ya damu, misimbo ya I60 hadi I69. ICD-11 imekihamishia sura ya mfumo wa neva, kwenye misimbo inayoanza na 8B. Hospitali inayochora grafu ya magonjwa ya moyo kila mwaka bila kulijua hilo itaona mstari umeshuka ghafla na itapanga bajeti ya dawa kwa mstari huo. Wagonjwa watakuwa ni wale wale, wamelala vitanda vile vile.

Marekani walipita njia ya namna hii miaka kumi na kitu iliyopita, nami nimewafuatilia kwa makini kwa sababu makosa na mafanikio yao yote yako wazi. Walikuwa wanatumia ICD-9 tangu 1979. Serikali yao ilipanga waingie ICD-10 tarehe 1 Oktoba 2013, ikasogeza hadi 2014, kisha sheria ya Bunge ikasogeza tena hadi tarehe 1 Oktoba 2015. Toleo walilojitengenezea liliwatoa kwenye misimbo ya magonjwa ipatayo 14,000 likawapeleka karibu 70,000. Mfupa wa mkono uliovunjika karibu na kifundo cha mkono ukawa na msimbo wake wa kulia, S52.501A, na wake wa kushoto, S52.502A, na ile A ya mwisho inaeleza kwamba mgonjwa bado yumo kwenye matibabu ya kwanza ya jeraha hilo. Wengi walitabiri kwamba madai yatakwama na hospitali zitakosa fedha za mishahara. Haikuwa hivyo. Kati ya tarehe 1 na 27 Oktoba 2015, Medicare, ambayo ni bima ya serikali yao hasa kwa wazee, ilipokea wastani wa madai milioni 4.6 kwa siku, na yaliyorudishwa kwa sababu ya msimbo batili wa ICD-10 yalikuwa asilimia 0.09.

Usisome namba hiyo ukadhani ilikuwa kazi rahisi. Ile miaka ya kuahirisha iliwagharimu, maana waliofundishwa mapema walisahau wakafundishwa upya, lakini ndiyo iliyowaokoa. Hospitali nyingi zilichukua mafaili yale yale na kuyapa misimbo ya zamani na mipya kwa pamoja, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, ili kuona mapema wapi maelezo ya daktari hayatoshi. Medicare nayo ilitangaza Julai 2015 kwamba kwa mwaka mmoja haitakataa dai la daktari kwa sababu tu msimbo hauna undani wa kutosha, mradi uwe wa familia sahihi ya ugonjwa. Mkifungiwa kila kitu Januari bila kipindi cha namna hiyo, mtakuwa mmechukua mzigo wao bila muda wao.

Kwa hiyo anzeni hivi. Chukueni mafaili ya wodi moja tu, wodi ya watoto au ya wazazi, myape misimbo yote miwili kwa mwezi mzima. Kwenye fomu ya bima endeleeni na ICD-10 kwa sababu ndiyo inayolipwa. Shirika la Afya Duniani limetoa majedwali ya kutoka orodha moja kwenda nyingine, nayo yanasaidia, ila msiyaachie kazi yote. Kuna mahali msimbo mmoja wa zamani unafungua njia tatu au nne mpya, na jedwali halijui mgonjwa wako yuko njia ipi. Faili ndilo linalojua.

ICD-11 yenyewe naipenda, nakwambia kweli. Ilipitishwa na Baraza la Afya Duniani Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, kila nchi ikiingia kwa kasi yake, na ilitengenezwa na watu waliojua kwamba itatumika kwenye kompyuta. Nikupe jambo moja dogo linalonigusa mimi binafsi. Kwenye ICD-10 kujifungua kwa kawaida ni O80, herufi O. Miaka ya nyuma, hospitali niliyokuwa nafanya kazi ilirudishiwa bando zima la madai ya wodi ya wazazi. Kijana mpya alikuwa amechapa sifuri mahali pa O, ikawa 080 kuanzia fomu ya kwanza hadi ya mwisho. Tulikaa watatu mpaka saa nne usiku, mmoja anasoma kadi, mmoja anachapa, mmoja anahakiki, na akina mama wale walikuwa wameshakwenda nyumbani na watoto wao wiki tatu zilizopita. Shinikizo nalo, I10, lilikuwa likichapwa 110 kila siku. Kwenye ICD-11 herufi O na I hazitumiki kabisa. Alama ya pili huwa herufi daima na ya tatu huwa namba daima: malaria ya falsiparamu ni 1F40, kisukari aina ya pili ni 5A11, shinikizo ni BA00. Ukiuona msimbo unajua papo hapo umetoka orodha ipi. Na ukitaka kuongeza kwamba ni mguu wa kulia au wa kushoto, unaunganisha msimbo wa nyongeza unaoanza na X. Yaani undani ambao Wamarekani waliuweka kwa kuzidisha misimbo mara tano, hapa unawekwa kwa kuunganisha vipande.

Sasa mashine.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulifungiwa programu ya namna hiyo kwa majaribio. Siku ya pili nikafungua faili la kijana wa bodaboda aliyelazwa na mguu wa kushoto. Daktari alikuwa ameandika "RTA, # L tib/fib". Kila mtu wodini anajua RTA ni ajali ya barabarani na # ni kuvunjika. Programu iliupata mfupa vizuri, ikaweka S82.2, kisha juu yake ikapendekeza N25.8, ambao ni ugonjwa wa mirija ya figo. Kuna ugonjwa wa figo unaofupishwa RTA, na kwenye vitabu iliyofundishwa nao, RTA huenda ilikuwa figo mara nyingi kuliko barabara. Kijana yule angetoka hospitalini kwetu na figo mbovu kwenye kumbukumbu zake, na ripoti ya mwaka ya ajali za pikipiki ingepungukiwa mtu mmoja. Zidisha kwa wote wanaoletwa na bodaboda kila wikiendi.

Nilianza kuandika kwenye daftari kila aina ya kosa nililoliona. "R/O malaria", yaani tuhakikishe kama si malaria, mashine inachukua malaria. "Mama yake ana kisukari", mashine inampa mtoto kisukari. "Alitibiwa TB 2014", mashine inamlaza leo na TB. "Degedege" kama mgonjwa alivyosema mwenyewe kwa Kiswahili, mashine inaruka kana kwamba hapakuandikwa kitu. Pia kulikuwa na mambo iliyoyafanya vizuri kuliko sisi, na haki lazima isemwe: haikuchoka saa tisa alasiri, haikuruka ukurasa wa pili wa faili, na mara kadhaa ilinionyesha upungufu wa damu uliotajwa na daktari kwenye mstari mmoja ambao mimi niliupita.

Kabla hamjatia saini, muulizeni muuzaji mambo haya mbele ya mganga mfawidhi. Programu imefundishwa kwa maelezo ya madaktari wa wapi? Ikipendekeza msimbo, inaonyesha ni maneno gani kwenye faili yaliyoifanya ichague huo? Tunaweza kuifundisha vifupisho vyetu wenyewe? Dai likirudi kwa kosa lake, nani anabeba hasara? Akishindwa la pili, la kuonyesha maneno, msinunue. Hamtaweza kuikagua mashine isiyoonyesha imesoma nini.

Kuhusu ajira: kuchapa kutapungua, hilo ni kweli, na ukimwambia bosi wako kwamba hakuna kitakachopungua hatakuamini na la pili utakalosema. Mwambie hivi: mashine ipendekeze, mtu aidhinishe. Kila wiki toeni mafaili kadhaa bila kuchagua, afisa ayape misimbo bila kuona ya mashine, kisha mlinganishe na kuandika tofauti. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja anayebonyeza "kubali" tangu asubuhi hadi jioni. Wanne hamtoshi hata sasa, na mkibaki mmoja makosa yataendelea kuwepo, ila hatakuwepo wa kuyaona.

*

*Mama Mafaili, pole na kazi. Mwanangu ana sikoseli. Mwezi uliopita alilazwa siku nne kwa maumivu makali, akawekewa maji na dawa za maumivu. Bima ikakataa sehemu ya gharama. Kwenye karatasi waliyonipa kumeandikwa D57.1. Nikauliza, nikaambiwa "kompyuta ndiyo iliyoweka". Hiyo D57.1 maana yake nini, na nifanye nini? — Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Mama mwenzangu, pole sana wewe, na pole kwa mtoto. Wanaouguza sikoseli nimewaona wodini usiku, najua siku nne hizo ni ndefu kiasi gani.

D57.1 ni sikoseli bila shambulio. D57.0 ni sikoseli yenye shambulio, yaani hali ile ile iliyomlaza mwanao. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho. Ukiisoma karatasi kwa jicho la mkaguzi wa bima aliyekaa mezani mbali na wodi, inamwambia kwamba mtoto mwenye sikoseli iliyotulia alikaa siku nne kwenye dripu. Ndiyo maana amekata.

Rudi hospitalini, usiende dirisha la malipo, nenda ofisi ya kumbukumbu za afya. Omba waangalie muhtasari wa kuruhusiwa: je, daktari aliandika shambulio, au aliandika "sikoseli" tu? Ikiwa aliandika, kosa ni la msimbo na wao wenyewe wanaweza kulirekebisha na kupeleka dai upya. Ikiwa hakuandika, ni lazima wampelekee daktari aliyemtibu aongeze kwa saini na tarehe yake. Asikuambie mtu kwamba kilichowekwa na kompyuta hakibadilishwi. Kompyuta haina saini kwenye faili la mwanao, na aliyeidhinisha dai ni mtu, mwenye jina na cheo, na ndiye unayestahili kuzungumza naye. Fanya mapema, kwa sababu mifuko ya bima huwa na muda maalumu wa kupokea madai yaliyorekebishwa. Uliza ni siku ngapi na uandike jibu.

Na msimbo huo ukirekebishwa, omba nakala. Utakapompeleka hospitali nyingine, wakifungua kumbukumbu zake waone ameshapata mashambulio mangapi.

*

*Mama, nikwambie ukweli wangu. Mimi ni tabibu wa wagonjwa wa nje, naona watu 60 hadi 80 kwa zamu. Tangu tuletewe mfumo mpya, ofisi ya kumbukumbu inanirudishia mafaili mara tatu kwa siku: "kisukari aina gani", "mguu upi", "malaria imethibitishwa?" Mimi natibu watu. Kompyuta si ililetwa ili wasitusumbue? — Tabibu, Shinyanga*

Daktari, nashukuru umesema wazi, kwa sababu wenzako wengi wananung'unika kwenye korido tu. Wagonjwa 80 kwa mtu mmoja ni wengi mno, na hakuna mashine itakayowapunguza. Hilo lidai kwa nguvu zote na mimi niko upande wako.

Lakini sikiliza habari ya mzee mmoja. Alilazwa wodi ya upasuaji ya wanaume, akakatwa vidole viwili vya mguu. Mguu wenyewe nilikuwa nimeuona, maana nilipita wodini kuchukua mafaili wakati muuguzi anabadilisha bandeji, na harufu ile nilitoka nayo mpaka ofisini. Nikafungua faili lake kuweka msimbo. Limeandikwa: "K/C DM. Wound. Dressing." Basi. Mgonjwa wa kisukari anayejulikana, kidonda, kufungwa. Kwa maneno hayo msimbo wa kisukari unaoruhusiwa ni E14.9. Nikausoma kwa sauti kwa msaidizi wangu: kisukari kisichotajwa aina, kisicho na madhara.

Kisicho na madhara, na vidole vimeshakwenda.

Nikapanda ngazi na faili mkononi. Daktari wa wodi alikuwa anakunywa chai amesimama. Nikamwonyesha. Hakubishana, aliweka kikombe chini akaongeza nusu mstari: aina ya pili, kidonda cha mguu, mzunguko wa damu umeharibika. Msimbo ukawa E11.5. Nusu dakika. Mwaka huo hospitali ilikuwa inaandika maombi ya kliniki ya miguu kwa wagonjwa wa kisukari, na maombi hayo yalitakiwa kuambatanishwa na takwimu kutoka kwenye misimbo yetu. Nilipojumlisha nikakuta wagonjwa wa miguu ni wachache kupita kiasi, kwa sababu wengi walikuwa wamelala ndani ya E14.9. Waliokatwa walikuwepo. Karatasi haikuwaona.

Kompyuta haiwezi kupanda ngazi kumwuliza daktari. Ikikuta "K/C DM" itatoa E14.9 haraka kuliko mimi, na itaitoa mara elfu bila kushtuka. Ukiingia ICD-11 ni hivyo hivyo, "DM" peke yake itakwenda 5A14, kisukari kisichotajwa aina. Orodha iwe mpya namna gani, inaanza na kalamu yako.

Kuhusu malaria nitakuwa mkali kidogo. Kipimo cha haraka kikitoka hasi, na wewe ukaandika "malaria" kwa mazoea ili mgonjwa apewe dawa aliyoitaka, ofisi ya kumbukumbu ina haki ya kukurudishia. Andika homa, ina msimbo wake, R50.9, na si aibu kuandika kwamba bado hujajua chanzo. Halmashauri inagawa vipimo na dawa kwa namba zinazotoka kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, rejesta ya serikali ya wagonjwa wa nje, na kwenye mifumo hii. Malaria isiyokuwepo ikiandikwa Shinyanga, dawa zinakaa rafuni kwako hadi zinapitwa na muda, na mahali penye malaria ya kweli zinakosekana.

Upande wa usumbufu, una hoja. Mara tatu kwa siku ni nyingi na inakukatisha ukiwa na mgonjwa mbele yako. Kubaliana na ofisi ya kumbukumbu wakuletee maswali yote mara moja, tuseme saa saba unaposimama kula, kwenye karatasi moja yenye nafasi ya kujibu kwa neno moja moja. Na kwenye magonjwa yanayorudi kila siku jizoeze maneno matatu: aina, madhara, upande. "Kisukari aina ya pili, kidonda, mguu wa kulia." Baada ya wiki mbili mkono utayaandika wenyewe na wataacha kukufuata.

*

*Shikamoo mama. Niko chuo, nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha afya. Hapa hakuna vitabu vya ICD na mtandao unakatikakatika. Huwa napiga picha ukurasa wa faili, naupeleka kwenye programu ya akili bandia iliyoko kwenye simu yangu, inaniletea msimbo sekunde hiyo hiyo. Wenzangu wote wanafanya hivyo. Kuna ubaya? — Mwanafunzi, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Upo, na uache leo, kabla ya zamu ya kesho.

Ukurasa ule una jina la mtu, umri wake, kijiji chake, na pengine hali yake ya virusi vya UKIMWI. Aliyasema kwa tabibu mlango ukiwa umefungwa. Ukiupiga picha na kuupeleka kwenye kompyuta ya kampuni usiyoijua, iliyoko nchi usiyoijua, umeufungua mlango huo na huwezi kuufunga tena. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazohesabiwa kuwa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, mwanamke aliyenifundisha kazi hii mwaka wa kwanza alikuwa anageuza faili kifudifudi mezani kila mtu alipoingia ofisini, hata aliyeingia akiwa mganga mkuu. Nami niligeuza hivyo miaka yangu yote.

Halafu kuna suala la usahihi. Programu hizo za kuzungumza nazo hujibu kwa uhakika ule ule zikiwa sahihi na zikiwa zimekosea, na zinaweza kukupa msimbo wenye sura nzuri ambao haumo kwenye orodha, au uliomo lakini ni wa ugonjwa mwingine. Wewe bado hujafikia kiwango cha kushtuka ukiuona. Utashtuka baada ya kutafuta kwa mkono mara mia kadhaa, na ndicho ulichokwenda kujifunza huko.

Njia ziko. Chombo cha kutafutia misimbo ya ICD-11 cha Shirika la Afya Duniani ni bure, na kipo pia kinachoweza kusimikwa kwenye kompyuta ya kituo kikafanya kazi bila intaneti. Mwombe mtu wa TEHAMA wa halmashauri awawekee siku mtandao ukiwa mzuri. Unaandika jina la ugonjwa tu, hakuna haja ya jina la mgonjwa. Kwa ICD-10, tumia vitabu. Viko vitatu: unatafuta neno kwenye juzuu ya tatu, ambayo ni faharasa, kisha unakwenda kuuthibitisha msimbo kwenye juzuu ya kwanza, usome mpaka maelezo madogo ya "haihusishi" yaliyo chini yake. Usiweke msimbo uliouona kwenye faharasa peke yake, hata siku moja, hata ukiwa na haraka.

Zile picha zifute kwenye simu, na kwenye mazungumzo ya programu, na kule zinakohifadhiwa zenyewe mtandaoni. Kisha mwambie msimamizi wako kwamba ulikuwa ukifanya hivyo na umeacha, na kwamba kituo hakina vitabu. Atakasirika, na pengine ndipo atavitafuta.

Juzuu ya kwanza mwombeni mganga mkuu wa wilaya. Ya tatu ninayo mimi hapa nyumbani, jalada lake nimelishona kwa uzi wa viatu na kurasa za herufi M zimelegea, lakini hakuna uliopotea. Niandikie jina la kituo kupitia jarida, nitawapa dereva wa basi awaletee.